Tufe Dogo, Safari Ndefu: Somo Kutoka kwa Mabingwa wa Bolingi ya Pini Tano

Mwanachuo mwenzangu, kuna swali ambalo wengi wetu tunalikwepa hadi mwaka wa mwisho: kitu unachokipenda na kukiweza, lakini hakilipi, ukifanyie nini? Wapo wanaoimba kwaya vizuri kuliko wasanii wa redioni. Wapo wanaocheza drafti mpaka watu wanahama meza. Nyumbani wanaambiwa, "Hiyo itakupa ugali?" Wanaacha.

Makala hii inalijibu swali hilo kwa kupitia mchezo ambao pengine hujawahi kuusikia, unaochezwa Kanada peke yake: bolingi ya pini tano. Nimeuchagua kwa sababu moja. Huko mtu anaweza kuanza kushindana akiwa na miaka mitano au sita, akawa bingwa wa nchi akiwa mtu mzima, na bado akawa anashindana akiwa na wajukuu, bila mchezo huo kumlipa mshahara hata siku moja. Tuangalie jambo hilo linawezekanaje. Sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya tufe lenyewe.

1. Mchezo ulizaliwa kutokana na malalamiko

Bolingi tunayoiona kwenye filamu za Marekani ni ya pini kumi. Mchezaji anashika tufe zito lenye matundu ya vidole, analiviringisha kwenye njia ya mbao yenye urefu wa mita 18 na ushee, na kujaribu kuangusha pini kumi zilizosimamishwa upande wa pili. Tufe hilo linaweza kufika kilo 7.

Mwaka 1905, bwana mmoja aitwaye Thomas Ryan alifungua ukumbi wa mchezo huo katikati ya jiji la Toronto. Wateja wake wengi walikuwa watu wa ofisini na wafanyabiashara waliokuja wakati wa mapumziko ya mchana. Walipenda mchezo, ila walikuwa na lalamiko moja: tufe ni zito mno. Ukicheza saa moja mchana, unarudi ofisini mkono hauwezi hata kushika kalamu.

Ryan hakuwaambia wakafanye mazoezi. Kufikia mwaka 1909 alikuwa amebadilisha mchezo wenyewe. Inasimuliwa kwamba babake ndiye aliyezichonga upya pini zikawa ndogo, kiasi cha robo tatu ya ukubwa wa kawaida. Badala ya kumi zikawa tano, zikasimamishwa kwa umbo la herufi V, ncha ikimtazama mchezaji. Tufe nalo likawa dogo, la kuenea kiganjani, kipenyo kisichozidi sentimeta 12.7 na uzito wa kilo moja na nusu hivi. Halina matundu. Unalishika tu kama unavyoshika chungwa kubwa, unaliachia.

Tatizo likahamia kwingine. Pini nyepesi zikawa zinaruka ovyo, na inasimuliwa kwamba nyingine zilitokea dirishani hadi barabarani. Mwaka 1912 Ryan akazivisha kila moja mkanda mnene wa raba kiunoni. Kelele zikapungua na pini zikatulia. Mkanda huo upo mpaka leo.

Jambo moja Ryan hakulifanya: hakuchukua hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi. Kila mwenye ukumbi akaiga bila kumlipa senti. Mchezo ukasambaa Kanada, lakini mvumbuzi wake hakutajirika nao. Mwaka 2007, shirika la utangazaji la CBC lilipowauliza Wakanada uvumbuzi wao mkubwa kuliko wote ni upi, bolingi ya pini tano ilishika nafasi ya nne, nyuma ya insulini, simu na balbu. Hebu fikiria: insulini, dawa inayookoa mamilioni ya wagonjwa wa kisukari, halafu hatua tatu chini yake, mchezo wa mapumziko ya mchana!

2. Hesabu ya alama: mahali bingwa anapotengenezwa

Usiruke sehemu hii. Bila hesabu hutaelewa kwa nini mtu anaweza kuucheza mchezo huu miaka hamsini na asiumalize.

Pini ya mbele, iliyo katikati, ina alama 5. Mbili zinazoifuata, moja kila upande, zina alama 3 kila moja. Mbili za pembeni kabisa zina alama 2 kila moja. Jumla ni 15. Mchezo mmoja una raundi kumi, na katika kila raundi unaruhusiwa kutupa mara tatu.

Kanuni ni hizi:

- Ukiangusha zote kwa mtupo wa kwanza, hiyo ni straiki. Unapata 15, na unaongezewa alama za mitupo miwili inayofuata.
- Ukimaliza zote kwa mtupo wa pili, hiyo ni spea. Unapata 15, na unaongezewa alama za mtupo mmoja unaofuata.
- Ukimaliza kwa mtupo wa tatu, unapata 15 yako basi, hakuna nyongeza.

Sasa tupige hesabu. Mchezaji anayemaliza pini zote katika kila raundi, lakini kila mara kwa mtupo wa tatu, atapata 15 mara 10, yaani 150. Hajabakiza pini hata moja mchezo mzima, na bado yuko mbali sana na ubingwa. Mchezaji anayepishanisha straiki na spea, straiki, spea, mpaka mwisho, anapata 30 kwa kila raundi, jumla 300. Anayepiga straiki tupu, kumi na mbili mfululizo ukihesabu mitupo ya nyongeza, anapata 450. Hapo ndipo kwenye kilele.

Mfano wa mwisho ndio unaouma. Mchezaji anapiga straiki raundi ya kwanza hadi ya nne. Raundi ya tano, pini moja ya pembeni inayumba, inacheza, inabaki imesimama. Ana 13. Mtupo wa pili anaiangusha vizuri kabisa, ni spea. Kisha anaendelea na straiki mpaka mwisho. Ana ngapi? Si 448. Raundi ya tatu imepungua 2, ya nne imepungua 15, ya tano nayo 15. Mwisho wa mchezo ana 418. Pini moja yenye alama 2, tena iliyoangushwa baadaye, imemgharimu alama 32.

Na kuipata hiyo straiki si mchezo. Pini zimeachana kwa nafasi kubwa kuliko tufe lenyewe, kwa hiyo tufe linaweza kupita katikati bila kugusa kitu. Ukiigonga pini ya mbele usoni moja kwa moja, unaweza kuiangusha hiyo peke yake, nyingine nne zikabaki zinakutazama. Lazima uiguse ubavuni, kwa pembe ndogo sana, ili yenyewe iruke upande mmoja ikaangushe wenzake, na tufe lipinde kidogo kumalizia upande wa pili. Ndiyo maana alama 450 kwenye pini tano ni adimu kuliko alama kamili ya 300 kwenye pini kumi.

Jambo la kushika: mchezo uliorahisishwa kwa mwili ukawa mgumu kwa jicho na kichwa. Mtoto anaweza kuanza leo, na bingwa hawezi kumaliza kesho.

3. Ngazi za maisha ya bingwa

Tumchukue mchezaji wa kufikirika, binti wa mji mdogo katika jimbo la Saskatchewan, tumfuate hatua kwa hatua. Ngazi nitakazozitaja ni za kweli.

Anaanza akiwa na miaka sita, Jumamosi asubuhi, katika mpango wa vijana unaoitwa Youth Bowling Canada. Tufe analolitupa linakaribia kulingana na la babake. Hili ni jambo kubwa: kwa sababu tufe ni jepesi, hakuna mchezo mmoja wa watoto na mwingine wa wakubwa. Anapanda daraja kwa umri, na kila mwaka kuna mashindano ya ukumbi, ya kanda, ya jimbo na ya taifa.

Akimaliza ujana anaingia ligi za watu wazima. Mchana yuko kazini, tuseme ni mwalimu au karani wa benki. Jioni moja kwa wiki, kuanzia Septemba baridi inapokaribia mpaka majira ya kuchipua, yuko ukumbini na timu yake. Akiwa mzuri anaingia mchujo wa mashindano ya wazi ya chama cha taifa cha wachezaji wa pini tano. Ukishinda kwenye kanda unakwenda jimboni, ukishinda jimboni unavaa sare ya jimbo lako na kwenda kushindana na majimbo mengine. Ontario ni kubwa kiasi kwamba inaingia kama timu mbili, ya Kaskazini na ya Kusini.

Kuna pia chama cha wachezaji mahiri, Master Bowlers. Chama hiki kina vitengo vitatu: wanaoshindana, wanaofundisha, na wakongwe. Ukivitazama vizuri, hivyo vitengo vitatu ni maisha ya mtu mmoja. Kwanza unashindana, kisha unafundisha huku ukishindana, kisha unakuwa mkongwe. Hakuna siku unayoambiwa, "Asante, nenda nyumbani." Linganisha na soka, ambako ukifika miaka 35 watu wanaanza kukuuliza unastaafu lini.

Na wakongwe hawaji ukumbini kupiga soga tu. Kumbi nyingi zina ligi za mchana za watu wa miaka 55 na kuendelea, na wanafuatilia alama kwa makini kama wanafunzi wanaosubiri matokeo.

Kwa hiyo, yale malalamiko ya wateja wa Ryan ndiyo yaliyoujenga umri huu mrefu wa mchezo. Alikuwa anatafuta tufe ambalo mtu anaweza kulitupa mchana na bado akafanya kazi jioni. Bila kujua, alitengeneza tufe ambalo mtu anaweza kulitupa utotoni na bado akalitupa uzeeni.

4. Wastani: GPA isiyofungwa

Katika soka tunamkumbuka bingwa kwa siku moja, lile goli la fainali. Katika bolingi ya pini tano kila mchezaji ana namba inayomfuata kila anakokwenda, nayo ni wastani wake. Kila mchezo wa ligi unaingia humo. Wewe unayeishi na GPA unaelewa.

Tuseme mchezaji anacheza michezo mitatu kwa wiki kwa wiki thelathini. Hiyo ni michezo 90. Siku moja anavurunda, anapata alama 60 chini ya kawaida yake. Wastani wake wa msimu utashuka kwa chini ya alama moja, kwa sababu 60 ukigawanya kwa 90 unapata 0.67 hivi. Lakini geuza upande wa pili: siku moja akiwaka moto na kupata alama 60 juu ya kawaida, wastani unapanda kwa kiasi hicho hicho kidogo. Usiku mmoja haukuangushi, na wala haukubebi.

Kuna mashindano yanayokwenda mbali zaidi. Mshindi hapimwi kwa alama alizopata, anapimwa kwa alama alizozidi wastani wake mwenyewe. Mwenye wastani wa 180 akipata 210 amezidi kwa 30. Mwenye wastani wa 260 akipata 275 amezidi kwa 15. Hapo wa kwanza ndiye mshindi, ingawa wa pili ana alama nyingi zaidi. Bibi wa miaka 70 na kijana wa miaka 22 wanaweza kushindana kwa haki kwenye njia zinazopakana, kila mmoja akipigana na namba yake.

5. Pesa iko wapi?

Hili lazima lisemwe bila kupaka rangi. Upande wa pili wa mpaka, Marekani, bolingi ya pini kumi iliwahi kumtajirisha mtu. Earl Anthony, mchezaji wa mkono wa kushoto aliyezaliwa mwaka 1938, alijaribu mashindano ya kulipwa mwaka 1963 akarudi nyumbani mikono mitupu. Miaka ya sabini akarudi kwa kishindo. Mwaka 1975 akawa mchezaji wa kwanza wa bolingi kupata zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka mmoja. Mwaka 1978 akapata mshtuko wa moyo, akapona, akarudi, na mwaka 1982 akawa wa kwanza kufikisha dola milioni moja katika maisha yake ya mchezo.

Pini tano hawana Earl Anthony, na sababu si uwezo. Wakanada waliothibitisha uwezo kwenye pini kumi wapo: Graydon Robinson alitwaa Kombe la Dunia la mchezo huo mwaka 1969, na Cathy Townsend akatwaa la wanawake mwaka 1975. Ila pini tano inachezwa nchi moja tu. Hakuna Kombe la Dunia, hakuna mdhamini wa kimataifa, hakuna ligi ya kulipwa inayoweza kumlisha mtu. Zawadi za fedha zipo kwenye mashindano kadhaa, lakini nauli, hoteli na ada vinazila. Yule binti wetu wa Saskatchewan, hata akiwa bingwa wa taifa, Jumatatu anarudi kazini kama kawaida.

Je, tumwite mtu aliyeshindwa kulifanya jambo lake kuwa kazi? Hapa kuna watakaonipinga, lakini nasema hapana. Anthony mchezo ulimlipa, na kwa sababu hiyo ulimdai kila wiki, hata baada ya moyo kugoma. Binti wetu mchezo haumlipi, hivyo hauwezi kumfukuza. Akipata mtoto anapumzika msimu mmoja. Akihama mji anatafuta ligi nyingine. Ajira yake inaubeba mchezo, na mchezo unampa kile ambacho ajira nyingi hazitoi: kipimo cha haki, marafiki wa miaka arobaini, na sababu ya kuendelea kujifunza.

Lakini tusiifanye habari hii kuwa tamu kupita kiasi. Mchezo usio na pesa unategemea pesa za mtu mwingine, na hapa mtu huyo ni mwenye ukumbi. Ukumbi wa bolingi ni jengo kubwa linalokula umeme na matengenezo, na ardhi ya mijini inapanda bei. Mwenye nalo akipata mnunuzi anayetaka kujenga maghorofa, njia za mbao zinang'olewa. Kumbi nyingi Kanada zimefungwa kwa namna hiyo. Bingwa mwenye mkono mzima na jicho zima anaweza kustaafishwa na mauzo ya kiwanja. Ukumbi ukifungwa kwenye mji mdogo wenye ukumbi mmoja, ligi ya vijana inakufa siku hiyo hiyo, na yule mtoto wa miaka sita hana pa kuanzia.

6. Tunatoka na nini?

La kwanza, tutenganishe maneno mawili tunayoyachanganya: kazi na ajira. Ajira inakulipa mwisho wa mwezi. Kazi ya maisha ni kile unachoendelea kukinoa, kwa kipimo unachokiheshimu, iwe kinalipa au hakilipi. Mwenye bahati anavipata vyote mahali pamoja. Wengi wetu hatutavipata hivyo, na si msiba.

La pili, kisicholipa kinahitaji mpangilio kuliko kinacholipa. Wale wachezaji hawadumu miaka hamsini kwa mapenzi matupu. Wana siku maalumu ya wiki, timu inayowasubiri, na namba inayoandikwa. Kwaya yako, drafti yako, uandishi wako wa mashairi, vina siku gani? Nani atakuuliza usipokuja?

La tatu, angalia nani analipia paa. Klabu nyingi za hapa chuoni zinakutana kwenye vyumba ambavyo hatuvimiliki, kwa hisani ya mtu ambaye kesho anaweza kuhamishwa. Tukivipenda tuvitetee vikiwa bado vipo, kwenye vikao vya bajeti vya serikali ya wanafunzi, mahali ambapo wengi wetu hatuonekani kabisa mpaka bumu lichelewe.

Maswali ya kujadili

1. Mchezaji anapiga spea katika raundi zote kumi, na kila mara mtupo wake wa kwanza unaangusha alama 13. Mtupo wa nyongeza mwishoni nao ni 13. Atapata alama ngapi? (Jibu: kila raundi ni 15 na 13, yaani 28, jumla 280.)
2. Ryan angechukua hataza, je, mchezo ungeenea zaidi duniani au ungekufa mapema? Toa sababu za pande zote mbili.
3. Kumpima mtu kwa wastani wake mwenyewe kunafaa kwenye mchezo. Je, kungefaa darasani? Nani angefaidika, na nani angelalamika?
4. Taja jambo moja unaloliweza ambalo halitakulipa. Ukihitimu, litakuwa na siku gani ya wiki?